Salamu Ambayo Mwalimu Hakuiitikia

Majuzi kijana wangu aliniletea lori la kokoto. Anataka kunijengea baraza la saruji mbele ya mlango ili nisiteleze wakati wa masika, na nia yake ni njema, sikatai. Wakazimwaga palepale mlangoni, na jioni mvua ikanyesha. Nilikuwa jikoni nakaanga karanga, mara ile harufu ikaingia: harufu ya mawe mekundu yaliyolowa, yenye chuma ndani yake, kama sufuria kuukuu iliyokwanguliwa. Nikaepua karanga kabla hazijaiva. Asubuhi nikamwambia fundi azihamishie kokoto zake nyuma ya nyumba, na kama hawezi, azirudishe alikozitoa. Fundi akacheka, akidhani bibi kazeeka vibaya. Kijana wangu akapiga simu kuuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba mlango ni wangu na sitaki kokoto mbele yake, basi.

Yeye sikumweleza. Ninyi wa rika langu nitawaeleza, ninyi mliosoma enzi za Mwingereza mkiandika kwenye vibao na kukalia magogo, kwa sababu magoti yenu yanajua ninachotaka kusema. Na nina sababu nyingine. Kila tukikutana misibani nawasikia wazee wenzangu wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, kwamba sisi tulifundishwa tabia shuleni. Watu wanatikisa vichwa, wanakubali, chai inaletwa. Mimi huwa nanyamaza. Leo sinyamazi. Tabia yangu nilikwenda nayo shuleni kutoka nyumbani, na shule nusura ininyang'anye.

Kwetu Ufipa, kijiji kimoja upande wa Mollo, mtoto alifundishwa kusalimu kabla hajafundishwa kubeba maji. Mama alinifundishia uani huku akipepeta ulezi. Ukikutana na mkubwa njiani, kwanza unatua mzigo, hata kama ni mtungi uliojaa pomoni. Kisha unashuka chini mpaka magoti yaguse ardhi, macho unayaweka mbele yako na si usoni mwake, halafu unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nene. Mama hakuyapenda makofi ya viganja bapa. "Hayo ni ya kufukuzia kuku," alikuwa akisema, na ananishika vidole na kunikunjia upya. Unapiga, unatamka salamu, unapiga tena, unasubiri. Yule mkubwa naye anainama, anapiga makofi yake, anakuitikia, anakuuliza habari za nyumbani na za ng'ombe na za mbegu. Hapo ndipo unainuka. Kabla hujaitikiwa, huinuki.

Nataka mlielewe hili vizuri, hasa ninyi ambao hamkuzaliwa Ufipa: hapakuwa na unyonge wowote katika jambo hilo. Bibi yangu, mwanamke ambaye hata wanaume walipita mbali na uwanja wake, alishuka chini kumsalimu wifi yake, na wifi yake akashuka vilevile, na wote wawili wakabaki palepale vumbini wakipigiana makofi na kuulizana habari mpaka sisi watoto tukachoka kuwasubiri. Nilidhani dunia nzima inasalimiana hivyo. Nilidhani hata yule Mfalme wa Waingereza mwenye kichwa chake kwenye shilingi, akikutana na mama yake njiani, hutua mzigo kwanza.

Baba alikuwa kusini, kwenye migodi ya shaba, kwa muda mrefu hivi kwamba sura yake niliijua kwa kusimuliwa. Msimamizi wetu alikuwa baba mdogo, na baba mdogo alikuwa na mtoto mchanga na mke mwenye shamba kubwa, kwa hiyo alikuwa akinitazama mimi kama mtu anavyotazama jembe la jirani. Alinitaka nikakae kwake nibebe mtoto. Mama alinitaka niende shule. Sikuwa na usemi, lakini moyoni nilishakata shauri. Nilipokuwa nachota maji kijitoni, nilikuwa nawasikia watoto ng'ambo wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti moja, na nilikuwa naimba nao chini kwa chini huku mtungi ukifurika. Sikujua maana yake. Niliipenda tu.

Walibishana msimu mzima, na mwishowe wakakubaliana. Nitakwenda shule. Ila nikifukuzwa, au nikishindwa, nahamia kwa baba mdogo siku hiyohiyo, na habari ya shule isitajwe tena.

Siku ya kwanza mama alinisuka nywele mpaka jua likapanda, akanivalisha gauni la kaniki alilolishona kwa mkono, akanisindikiza mpaka kijitoni. Hapo akarudi, maana alikuwa na matuta yake. Mnajua kilimo chetu: nyasi hatukuzichoma, tulizifunika chini ya udongo kwenye yale matuta ya mviringo zioze humo ziwe mbolea, na kazi hiyo lazima iishe kabla mvua hazijaisha. Nikapanda kilima peke yangu, umande ukinilowanisha miguu. Shule ilikuwa nyumba ndefu ya udongo iliyoezekwa nyasi, na mbele ya mlango wake zilimwagwa kokoto nyekundu ili watoto wasiingize matope ndani.

Nikatokea uwanjani nikaona jambo lililonifurahisha sana. Mbele ya mlango alisimama kijana wa kiume mwenye kaptula nyeupe iliyonyooka na soksi ndefu, mikono kaiweka nyuma. Huyo alikuwa Mwalimu Zakaria, aliyeletwa kwetu kutoka jimbo la mbali. Na mbele yake, kwenye zile kokoto, watoto walikuwa wamepiga magoti kwa mstari, vichwa chini. Nikajisemea, kumbe shuleni kuna adabu kiasi hiki! Watu wanalowa umande lakini wameshuka chini kumwamkia mkubwa wao!

Halafu nikagundua kwamba hakuna hata mmoja anayepiga makofi. Mikono wameiachia inaning'inia tu. Nikawaonea aibu. Watoto wakubwa namna ile, wengine wana meno ya pili tayari, wamefika mbele ya mkubwa na salamu wameiacha katikati! Nikaona mama zao wangefadhaika. Basi nikaenda mwisho wa mstari, nikalikunjua gauni langu vizuri, nikapiga magoti. Kokoto ziliuma, lakini nilikwisha kusalimu hata penye matope na penye siafu. Nikakunja viganja kama nilivyofundishwa, nikapiga makofi, nikamwamkia kwa Kifipa.

Akanitazama. Hakuitikia.

Nikadhani hakusikia. Bibi alikuwa na sikio moja zito, na kwake tulizoea kupiga kwa nguvu zaidi. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja mstarini akakoroma kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Huyo alikuwa Deo, mtoto wa jirani yetu, aliyenizidi umri kidogo na mtundu kunizidi sana. Mara na yeye akaanza kupiga makofi. Wa pembeni yake akafuata, na mwingine, mpaka mstari wote ukawa unapiga kwa pamoja, sauti nene, polepole. Niwaambie ukweli, ilipendeza. Tulikuwa kama watu waliokwenda kumwamkia Mwene, mtemi wetu, barazani kwake.

Mwalimu akafoka. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kununulia chumvi na mafuta ya taa, sikuelewa alichosema, lakini wenzangu wakanyamaza ghafla. Mimi nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa bado sijaitikiwa. Akanijia, akanishika mkono, akaninyanyua kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuogopa kuvutwa, nyumbani nilivutwa mara nyingi. Niliogopa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniinua katikati ya salamu, na nilidhani kuna balaa litatokea.

Akatuingiza ndani wote. Kumbe siku ile, kama kila Jumatatu, ilianza kwa somo la Tabia Njema. Akanisimamisha mbele ya darasa na kuandika maneno ubaoni, chaki ikilia, na kila neno aliligonga kwa kijiti huku akinionyesha mimi. Darasa likarudia kwa sauti moja, ile ile sauti niliyokuwa naisikia kijitoni. Mimi nilikuwa natazama vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirishani na kujiambia kwamba hatimaye nimefika shule. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nilidhani ananitambulisha.

Kisha akamwambia Deo anirudishe nyumbani.

Njiani Deo alinieleza yote, na alifurahia kunieleza. "Ile haikuwa salamu," akasema. "Ilikuwa adhabu. Tulichelewa."

"Kwa hiyo ukichelewa unamsalimu?"

"Hapana, wewe! Unapiga magoti ili uumie."

Nikakataa kabisa. Nikamwambia haiwezekani mtu akashushwa chini ili aumie, kule chini ni mahali pa salamu. Deo akanionyesha magoti yake. Yalikuwa na vishimo vishimo vyekundu, vingine vya zamani vimeshakuwa vyeusi. Nikatazama ya kwangu, nayo yalikuwa yameanza.

Akaendelea kunifasiria somo, akimwigiza mwalimu mpaka na kifua. Mtoto mwema ni mtiifu. Mtoto mwema ni msafi. Mtoto mwema husema kweli hata akiogopa. Mtoto mwema husimama wima mbele ya mkubwa wake na kumtazama usoni. Hatambai chini kama mdudu. Magoti ni ya mkosaji, na ya kanisani. Halafu akanifikishia ujumbe. Mwalimu amesema nimemfanyia dharau na nimewachochea wenzangu. Nisikanyage shuleni mpaka niwe tayari kusimama mbele ya shule nzima na kusema: nilimdharau mwalimu, naomba msamaha. Deo akanifundisha maneno hayo kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka nikayashika. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ambayo shule ilinipa kujifunza, na mpaka leo inanikera kuiandika.

Habari ikamfikia baba mdogo kabla jua halijazama. Alikuja na mwanawe mgongoni mwa mkewe, kana kwamba amekuja kunichukua tayari.

"Shemeji, nilikuambia," akamwambia mama.

"Hajafukuzwa, shemeji. Ameambiwa aseme neno."

"Basi aseme."

"Si la kweli."

"Shemeji, neno ni neno tu. Aseme, aingie darasani, yaishe. Au asiseme, aje kwangu. Mimi hapa sioni cha kubishania."

Hakuwa mtu mbaya, baba mdogo. Watu wengi wangesema kama yeye, na wengi walisema. Alipoondoka, mama akaendelea na ungo wake, makapi yakipeperuka, ulezi ukirudi mahali pamoja. Mimi nilikaa karibu yake nikinusa moshi kwenye nguo zake na kusubiri kuambiwa niseme. Nilijua anavyoitaka ile shule. Alikuwa ameitaka kuliko mimi.

"Ulipiga makofi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ya viganja bapa?"

"Hapana. Kama ulivyonifundisha."

"Akaitikia?"

"Hakuitikia."

Akaweka ungo chini. "Basi aliyedharau ni nani hapo?"

Sikuwahi kufikiri kwamba mkubwa anaweza kumdharau mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusikia jambo kama hilo.

"Kesho utarudi," mama akasema. "Hayo maneno usiyaseme. Akikufukuza, nitakupeleka mimi mwenyewe kwa baba yako mdogo, utabeba mtoto, na sitakulaumu hata siku moja. Lakini uongo wa kujichafua mwenyewe sitaki uujifunzie kwa mtu yeyote. Shule haigharimu hivyo."

Kesho yake nikaenda. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, inayokata masikio hata mwezi wa mvua. Shule nzima ilijipanga uwanjani, bendera ikapandishwa, mwalimu akaniita mbele. Nikasimama wima kama alivyotaka. Nikamtazama usoni kama alivyotaka, ingawa macho yangu yalikuwa yanataka kushuka yenyewe, nikahisi natenda ufedhuli mkubwa. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

"Sema," akasema.

"Sikukudharau, mwalimu. Nilikusalimu." Kiswahili hicho Deo alinifundisha asubuhi ile njiani, bila kucheka.

"Sikukuuliza ulifanya nini. Sema nilichokuagiza."

Nikakumbuka maneno ya ubaoni, ambayo nayo Deo alinifundisha kwa Kiswahili. "Mtoto mwema husema kweli," nikasema, "hata akiogopa."

Mtu mmoja nyuma akavuta pumzi. Mwalimu Zakaria alibadilika rangi. Mimi sikutaka kumkomoa, nawaapia, nilidhani nikilisema somo lake atafurahi kwamba nimelishika. Akanyoosha kidole kwenye kokoto. "Piga magoti. Utabaki hapo mpaka utakaposema."

Nikapiga magoti. Safari hii sikupiga makofi. Niliweka mikono mapajani na kutazama mlango. Wenzangu wakaingia, wakaanza kuimba a, e, i, o, u. Manyunyu yakaja, kokoto zikalowa, na ile harufu ikapanda mpaka puani. Jua likatoka, zikakauka. Magoti yaliacha kuuma, yakawa kama si yangu. Nikaanza kumfikiria yule mtoto wa baba mdogo, uzito wake, mate yake mgongoni mwangu, na kila nilipomfikiria lile neno lilinijia mdomoni tayari kutoka. Lilikuwa fupi sana. Ningelisema, ningeinuka, ningekuwa ndani na wenzangu kabla hawajafuta vibao. Wanaowaambia kwamba mtoto hajui majaribu wamesahau walikotoka. Nililimeza.

Wakati wa mapumziko watoto wakatoka mbio, wakafika mlangoni na kunikuta palepale, ikabidi wapite pembeni yangu. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Sisi tumelelewa hivyo: ukikuta mtu yuko chini, hupiti umesimama. Miguu yenyewe inakataa. Deo alipita hatua kadhaa, akasimama, akarudi. Akashuka mbele yangu kwenye kokoto, akapiga makofi, akaniuliza habari za nyumbani. Hakuwa na utundu usoni. Nikamwitikia. Nyuma yake akashuka msichana mmoja, na wavulana, na wadogo waliokuwa hawajui hata mapumziko ni nini, mpaka uwanja mzima ukawa chini unapiga makofi, na mimi nawaitikia mmoja mmoja, machozi yananitoka, na si ya uchungu.

Mwalimu akatoka mlangoni. Alikuta shule yake yote imepiga magoti bila yeye kuamuru. Fimbo ilikuwa mkononi, lakini angeanza na nani? Tulikuwa tumefanya alichokuwa akitufanyisha kila siku. Akapaza sauti: "Ingieni darasani!"

Wakainuka. Deo akanivuta mkono, nami nikainuka nao, nikiyumba kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nikapita mbele ya mwalimu nikaingia, nikakaa kwenye gogo mwishoni. Aliniona. Akageuka ubaoni akaanza kuandika hesabu. Lile neno hakulitaka tena, siku ile wala siku nyingine, na mimi sikulisema mpaka leo.

Adhabu ya kokoto ikafa polepole, maana kila aliyeshushwa pale alianza kupiga makofi ya kumwamkia mwalimu, kwa heshima zote, na wenzake wakamsaidia. Sitawadanganya kwamba shule iligeuka pepo. Fimbo ilibaki, na mwalimu aliitumia. Lakini magoti yetu aliyaacha.

Mimi nilikuwa na adhabu yangu kwake. Tangu siku ile sikushuka chini mbele yake tena. Nilikutana naye njiani na mtungi kichwani, sikuutua. Nilisimama wima kama mlingoti, nikamtazama usoni, nikasema shikamoo, nikapita. Kwa mtoto wa Kifipa hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ningemfanyia hivyo mzee yeyote wa kijiji, ningechapwa na mji mzima. Wenzangu waliona wakaelewa. Mama aliponiuliza kama namsalimu mwalimu, nikamjibu kwamba namsalimu kama anavyotaka yeye. Akaniambia nikachochee moto.

Mwisho wa mwaka akaja Mzungu wa elimu na gari lake kutoka Sumbawanga mjini. Wazazi wakaalikwa, wakakaa kwenye nyasi, mama yangu mbele, baba mdogo nyuma kidogo na mwanawe mapajani. Tukaimba, tukasoma, tukafanya mazoezi ya viungo. Halafu Mwalimu Zakaria akatangaza zawadi ya mtoto mwenye Tabia Njema, akataja jina langu.

"Mtoto huyu," akamwambia yule Mzungu, huku mkono wake uko begani kwangu, "alipokuja hapa alikuwa akitambaa chini na kutazama ardhi. Nilipata naye taabu. Mwone leo. Anasimama wima, anamtazama mtu usoni, haogopi. Hii ndiyo kazi ya shule." Na uso wake, jamani, ulijaa furaha ya kweli. Aliamini.

Watoto wote wakatazama vidole vya miguu yao. Zawadi ilikuwa mche mzima wa sabuni. Mwalimu akanipa, nami nikaupokea kwa mkono mmoja, bila kuinama hata kidogo, macho yangu ndani ya macho yake. Mguno ukapita kwenye nyasi kwa wazazi. Mzungu akatabasamu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Sikuona haya siku ile na sioni haya sasa. Wapo watakaosema nilipaswa kumsamehe, kwamba alikuwa kijana, yuko mbali na kwao, ametumwa kufundisha alichofundishwa. Yote hayo ni kweli. Lakini alikaa kwetu mwaka mzima katikati ya watu wanaosalimiana mchana kutwa, na hakuuliza hata mtu mmoja kwa nini wanafanya vile.

Tulivuka kijito, ndipo mama akaanza.

"Umemtukana mwalimu wako mbele ya kijiji kizima," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua."

Akatembea kidogo, akasimama. Nikadhani atanichapa. Nikatua sabuni kwenye nyasi, nikashuka chini, maana nilikuwa sijamsalimu tangu asubuhi, nikakunja viganja na kupiga makofi. Mama akautua mzigo wake. Akashuka, si kuinama tu kama mkubwa anavyomwinamia mtoto, akashuka kabisa, magoti yake yakagusa njia mbele ya magoti yangu, akapiga makofi polepole, kama nilivyowahi kumwona bibi akifanya kwa wifi yake.

"Habari za shuleni?" akaniuliza.

"Njema, mama," nikasema. "Ila mwalimu bado hajaitikia."